Kwa mnaoanza kupima chembe za hewani Arusha

Karibuni, wadogo zangu. Najua mna hamu ya kuona namba, na vile vifaa vidogo vya leza vinazitoa usiku na mchana. Kabla hujaamini hata moja, elewa kwamba kifaa hicho hakipimi uzito. Kinamulika hewa, kinasoma mwanga unaotawanywa na chembe, kisha kinakadiria maikrogramu kwa mita ya ujazo, kana kwamba chembe za kila mahali zinafanana.

Chukua asubuhi ya Julai, Meru umefunikwa na mawingu, unyevu wa hewa umepita asilimia 90. Chembe za salfeti ya amonia hufyonza maji unyevu ukifika karibu asilimia 80, zikavimba. Zikishavimba hutawanya mwanga zaidi, na kifaa kinaandika uchafu mwingi wakati sehemu yake ni maji tu. Ila asubuhi hiyohiyo hewa ya baridi imelala chini, moshi wa kuni na wa magari haupandi, kwa hiyo uchafu nao umeongezeka kweli. Utatenganishaje? Huwezi, kama hukurekodi unyevu na joto sambamba na chembe. Data isiyo na unyevu mimi siipokei.

Kuna na visivyoonekana kabisa. Vifaa vingi vya aina hii havioni chembe zilizo chini ya maikromita 0.3 hivi, na masizi mapya ya dizeli mengi yapo karibu na 0.1. Vumbi la barabarani, lenye chembe kubwa, halivutwi vizuri na feni ndogo iliyomo ndani. Lori linapita likitoa moshi mweusi, vumbi linatimka, na namba inasogea kidogo tu.

Kwa hiyo filta, yaani kichujio chembamba kinachopitishiwa hewa ili chembe zinase kisha zipimwe kwa mizani, haikwepeki. Teflon kwa ajili ya uzito, kwatzi kama unataka kupima kaboni iliyomo kwenye chembe, kwa kuwa inastahimili joto kali la uchambuzi. Filta ikae saa 24 kwenye chumba cha mizani, nyuzijoto 20 hadi 23, unyevu asilimia 30 hadi 40, ndipo uipime. Ikirudi kutoka kazini, irudie hali ileile. Shika kwa kibano, pembeni tu. Na kila safari beba filta moja ya ziada, ifungue na kuifunga palepale bila kuvuta hewa. Ikirudi imeongezeka uzito, huo ni uchafu wa mikono na wa safari, na umeingia kwenye filta zako zote.

Msidhani ni ukali wa bure. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha PM2.5, yaani chembe zisizozidi maikromita 2.5, kutoka maikrogramu 10 hadi 5. Ukikosea maikrogramu tatu au nne, unawaambia watu wa mtaa wa Unga Limited jambo lisilo kweli kuhusu hewa wanayovuta watoto wao.

Halafu saa. Vifaa vingi hurekodi saa za UTC, saa rasmi za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Daftarini andika 07:00, usiandike saa moja.

Kabla ya kuvisambaza Sakina, Njiro na kwingineko, viweke vyote juu ya paa moja, kando ya filta, wiki mbili. Kisichoendana na wenzake kibaki maabara. Masika yakianza, virudishe vyote paani upime upya, maana marekebisho ya namba uliyoyapata kwa kulinganisha na filta wakati wa kiangazi hayatafaa tena.