Jifunze kusema mbele za watu, hata kama kazi yako si ya kuongea

Mimi ni mhandisi wa maji vijijini. Siku zangu nyingi zinapita kwenye mabomba, pampu, matangi na vituo vya kuchotea maji, na watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu haina maneno mengi. Kumbe mradi wa maji huanza kwa maneno. Kabla mtaro haujachimbwa, lazima mtu akubali bomba lipite shambani kwake. Lazima kijiji kielewe kwa nini tangi linajengwa kitongoji kile na si hiki. Na mradi ukishakamilika, lazima kaya zikubali kulipia maji ilhali yale ya kisimani zilikuwa zikiyachota bure. Hayo yote yanaamuliwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, pale ambapo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusimama, kuuliza na kukataa.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoanza kazi za ufundi, uhasibu, tiba na kilimo, na wengine wote wanaoona kwamba kuongea ni kazi ya wanasiasa na washehereshaji: jifunzeni kuzungumza hadharani mapema, kabla hamjapewa cheo kinachowalazimisha. Mimi nilijifunza ukubwani, taratibu, na nilichokipata kimegusa hata sehemu za maisha yangu ambazo hazina uhusiano wowote na maji.

Faida niliyoiona kuwa kubwa kuliko zote sikuitegemea: niliielewa upya kazi yangu. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali Tanzania tulifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Presha ya maji, nguvu ya pampu, uchakavu wa mitambo, vyote vimeingia kichwani kwa lugha moja na mkutano unavitaka kwa nyingine. Unapomweleza bibi aliyekaa kwenye mkeka wa mbele kwa nini maji hayapandi hadi kwake wakati jirani yake wa bondeni anayapata, hapo ndipo unapojua kama jambo hilo umelielewa au umekariri fomula yake tu. Swali lake ni gumu kuliko la mtihani, kwa sababu yeye hatakupa alama kwa kutaja jina la kanuni.

Chukua mfano wa bei. Kwenye karatasi zetu bei huandikwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Tuseme bei inayopendekezwa ni shilingi 1,500 kwa uniti. Ukiitamka hivyo mkutanoni utasikia mguno, maana anayechota kwa ndoo hajawahi kuiona hiyo uniti, ila elfu moja mia tano anaijua vizuri sana. Sasa gawanya. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ndoo moja ni shilingi 30. Kaya inayotumia ndoo sita kwa siku italipa shilingi 180. Kisha waeleze hizo shilingi 30 zinakwenda wapi: ngapi za umeme au dizeli ya pampu, ngapi za malipo ya fundi, ngapi zinawekwa akiba kwa ajili ya siku ambayo mota itaungua. Hapo maswali yanabadilika. Badala ya "mnatuuzia maji ya Mungu" unaulizwa "hiyo akiba inakaa benki gani, na nani anatia saini?" Hilo ni swali la mtu aliyekwisha kuanza kuuona mradi kuwa wake. Na huwezi kufika hapo kama wewe mwenyewe hujakaa usiku na kalamu ukazichambua shilingi 30 mpaka ya mwisho.

Ni hivyo hivyo kwa vipimo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ofisini sentensi hiyo inatosha. Mkutanoni, mita 400 huzitaja kwa kutumia kijiji chenyewe: kutoka mlango wa zahanati mpaka kona ya msikiti. Ili niseme hivyo inabidi niwahi kufika, nitembee, nipime, nisalimiane na watu njiani. Mkutano unapoanza tayari nakifahamu kijiji, na wao wanajua kwamba nimekitembelea kwa miguu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihusishi na uzungumzaji, nalo ni kusikiliza. Msemaji anayeanza huwa na hofu, na hofu humfanya asikie nusu ya swali, kisha ajibu swali alilolitarajia. Nilijizoeza kulirudia kila swali kwa sauti kabla ya kujibu: "Mzee anauliza kama maji yatatosha na mifugo." Kwanza, waliokaa nyuma wanalisikia. Pili, mzee ananirekebisha kama sikumwelewa. Tatu, napata nafasi ya kuvuta pumzi. Kama jibu sina, nasema sina, naandika swali na jina la muulizaji, nataja siku nitakayolileta, na siku hiyo nalileta. Tabia hii imenifaa hata kwenye vikao vya ofisini, ambako mabishano mengi huzaliwa na watu wawili wanaojibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Kazini faida nyingine ni za wazi zaidi. Anayeomba ajira ya serikali Tanzania akishafaulu usaili wa kuandika hukutana na usaili wa mahojiano, na jopo la usaili ni hadhira ndogo yenye haraka. Aliyezoea kusimama mbele za watu hujibu kwanza, hutoa sababu, halafu hutoa mfano. Asiyezoea huanza na historia ndefu na muda humwishia kabla hajafika kwenye jibu. Ukishaajiriwa, bajeti unayoweza kuitetea kwa dakika tano mbele ya madiwani ina nafasi nzuri kuliko iliyolala ndani ya ripoti ya kurasa 60. Najua wapo wanaolalamika kwamba msemaji mzuri hupandishwa cheo akamwacha mchapakazi mzuri. Wanasema kweli, na inauma. Lakini sioni dawa yake katika kumchukia msemaji. Mchapakazi naye ajifunze kusema, ili kazi yake isielezwe na mtu ambaye hakuifanya.

Nyumbani nimefaidika kuliko nilivyofikiri. Mama yangu alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikiingia naye kwa daktari. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mkutano: maumivu yalianza lini, nini kimebadilika tangu dawa za mwisho, na maswali matatu tunayotaka yajibiwe leo. Daktari alisikiliza, akajibu yote matatu. Baadaye tulipompoteza, ukoo uliniomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Anayejua misiba yetu anaujua uzito wa neno hilo: majirani waliokesha, waliochanga, waliopika, waliosafiri usiku kucha, wote wanangoja kusikia kwamba wameonekana. Niliandika majina ya makundi kwenye kikaratasi, nikasema polepole, nikanyamaza pale sauti ilipotaka kukatika, nikaendelea. Kama ningekuwa nimepata ujuzi huu wote kwa ajili ya dakika zile tu, ningeona umenilipa.

Kwa akina dada na akina mama nina neno la pekee. Bado kuna mikutano ambayo wanawake hukaa upande mmoja wakinong'onezana hoja nzuri ambazo hazifiki kwa mwenyekiti, na wanaochota maji kila siku ni wao. Tukumbuke kwamba Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu na alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipoanza kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, alipita kwenye vikundi hivyo hivyo vya ngoma, akazungumza lugha ya wenzake, na wanawake wakajiunga kwa wingi. Alikuwa amekwisha kuzoea kusimama mbele ya watu na kuwafanya waitikie. Ukiwa unaongoza kwaya, unafundisha madrasa au unasoma somo kanisani, tayari una mtaji kama wake.

Wengi hudhani kusema vizuri ni kupaza sauti au kujaza maneno magumu. Sikiliza rekodi za Mwalimu Nyerere, hasa hotuba ya Novemba 1978 aliyoitoa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera. Jambo zito kama vita alilibeba kwa vitu vitatu, uwezo, sababu na nia, kwa sentensi fupi zenye mwisho unaofanana. Watu ambao walikuwa hawajazaliwa wakati huo wanaikariri mpaka leo. Alikuwa mwalimu, na alisema kama mwalimu anayetaka hata mwanafunzi wa dawati la mwisho aondoke na somo.

Sasa, ujifunzie wapi? Huhitaji kozi ya gharama kubwa. Kipo chama kinachoitwa Toastmasters, kilichoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko California, Marekani, na leo kina vilabu hata Dar es Salaam na Nairobi. Vingi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini utaratibu wake unaweza kuigwa kwa Kiswahili na marafiki wanne mkikutana jioni. Mmoja anazungumza dakika tano hadi saba. Mmoja anashika saa. Mmoja anahesabu kila "eee", "yaani" na "nini hii" isiyo na kazi. Mmoja anatoa tathmini: kilichofaa, cha kurekebisha, na namna ya kukirekebisha. Kinachofundisha ni hiyo tathmini. Makofi ni mazuri, ila hayakuambii kwamba umesema "yaani" kila baada ya sentensi.

Ukiwa peke yako, jirekodi kwa simu. Kusikia sauti yako mwanzoni kunakera; vumilia, sikiliza kasi yako na mahali unapomeza mwisho wa maneno. Usikariri hotuba nzima, kwa sababu ukisahau neno moja yote yanaanguka. Kariri sentensi mbili za kuanzia na mbili za kumalizia, na katikati beba hoja chache kwenye karatasi moja. Salamu usizidharau: "Asalaam aleikum", "Bwana Yesu asifiwe", shikamoo kwa wazee wako. Watu wakishaitikia, ukumbi unakuwa umeamka na moyo wako umetulia kidogo. Itifaki nayo ifupishe. Mgeni rasmi akitajwa vizuri, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Kutaja viongozi kwa dakika kumi ni kula muda wa wananchi.

Hofu haitakwisha yote, na si lazima iishe. Moyo kwenda mbio na mdomo kukauka ni mwili unaojiandaa. Kunywa maji kidogo, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, simama miguu yote miwili ikikanyaga sawasawa, tafuta uso mmoja unaokusikiliza na uanze nao. Kipaza sauti kishike karibu na kidevu, usikipige vidole kukijaribu, na usisimame mbele ya spika, maana zitalia na kila mtu atasahau ulichosema. Kama umeme umekatika, sogea karibu na watu. Usipige kelele kutoka mbali.

Kwa mtu anayeanza kabisa, napendekeza nafasi ya katibu kwenye kikundi chako, iwe VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), jumuiya, kamati ya harusi au kikao cha wazazi shuleni. Katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita, kwa hiyo unasimama ukiwa na karatasi mkononi na hakuna anayetarajia ufasaha. Ukizoea, omba kueleza yatokanayo, yaani yaliyofanyika tangu kikao kilichopita, bila kusoma. Ukizoea hilo, omba kuwasilisha mapato na matumizi, na ujibu maswali. Baada ya kila kikao mfuate mjumbe mmoja aliyekaa nyuma, umuulize anakumbuka nini katika uliyosema. Usimkumbushe. Andika anachokitaja, ukilinganishe na ulichotaka akikumbuke, na uandae kikao kijacho kuanzia hapo.