Vali ya bomba inapiga shoti chini ya nyaya za umeme mkubwa

Ndugu, umesema fundi wako hupigwa shoti akigusa vali ya bomba la chuma linaloenda sambamba na laini ya msongo mkubwa, ukauliza kama kuna waya unaovuja. Si lazima. Uga wa sumaku unaozizunguka nyaya hubadilika muda wote, na mabadiliko hayo huzalisha volti ndani ya bomba, kama ilivyo kwenye transfoma. Sehemu zinazoenda sambamba zikiwa ndefu, volti huongezeka. Ajabu ni kwamba gamba zuri la kuzuia kutu nalo huizidisha, kwa sababu umeme haupati pa kutorokea ardhini, isipokuwa kwenye mkwaruzo mdogo. Hapo mkondo hujazana na kukila chuma taratibu hadi kitoboke.

Kwanza, zuia watu kugusa vali hiyo. Kisha mpate mtaalamu apime volti kati ya bomba na ardhi, mchana na saa ambazo matumizi ya umeme ni makubwa, maana volti hufuata mzigo wa laini. Kikomo kinachotumika sana kwa usalama wa mguso ni volti 15.

Tafadhali msiliunganishe bomba na nguzo ya shaba ya ardhini bila ushauri. Mtaharibu kinga ya katodi, yaani mkondo mdogo unaopelekwa kwenye bomba ili lisipate kutu, kama ipo. Kawaida hutumika utepe wa zinki uliofukiwa, pamoja na kifaa kinachopitisha mkondo geu (AC) unaotoka kwenye laini na kuzuia mkondo mnyoofu (DC) wa kinga hiyo. Pale anaposimama fundi hufukiwa wavu wa chuma uliounganishwa na vali, ili miguu na mkono wake viwe kwenye volti karibu sawa.

Radi zikianza, kazi isimame.