Wayne Brady si mtangazaji tu

Wewe unayesema Wayne Brady, mchekeshaji na mwimbaji wa Marekani, ni mtangazaji wa michezo ya zawadi ya TV tu, hebu rudi nyuma kidogo. Kabla hajaanza kutangaza mchezo wa zawadi wa Let's Make a Deal (2009), Wamarekani walishamjua kwa Whose Line Is It Anyway?, kipindi cha vichekesho vya kubuni papo hapo kilichoanza kwenye televisheni ya ABC mwaka 1998. Humo alikuwa anapewa mtu kutoka kwa watazamaji wa kumwimbia na mtindo wa muziki, kinanda kinaanza, naye anatunga wimbo wenye vina papo hapo, bila karatasi! Kipindi hicho kilimpa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, mwaka 2003. Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, alicheza wakili Billy Flynn kwenye tamthilia ya muziki ya Chicago, 2004, kisha Lola, mwanamume anayetumbuiza kwa mavazi ya kike, kwenye Kinky Boots, 2015, juu ya visigino virefu jamani. Kwangu Lola ndiye mgumu zaidi: tofauti na Whose Line, ukisahau mstari, huruhusiwi kujitungia wako.