Kabla hamjanunua memori nyingine

Maswali ya wasomaji kuhusu kurekodi sauti kwa kompyuta ya nyumbani. Anajibu fundi wetu wa Mwanga, Kigoma.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa kikundi cha kaswida hapa Ujiji. Tunarekodi nyumbani kwa kompyuta mpakato ya mtumba yenye memori ya GB 4. Ina mfumo wa Ubuntu 20.04, seva ya sauti (programu inayopitisha sauti kati ya kisanduku na programu nyingine) ni JACK, na tunarekodia programu ya Ardour. Maiki mbili tunazipitisha kwenye kisanduku cha USB. Sauti inakwaruza na kukatika, hasa dufu zikishachanganya, na QjackCtl, dirisha la kuendeshea JACK, inahesabu XRUN (mikatiko ya sauti) moja baada ya nyingine. Kila tukiwasha seva yanatoka maneno haya: "Cannot lock down 82280346 byte memory area (Cannot allocate memory)", na karibu yake mengine: "Cannot use real-time scheduling". Duka moja la kompyuta wametuambia memori imejaa, tununue ya GB 8, na tumeshaanza kuchangishana. Niliandika ulimit -l kwenye terminali kama ulivyowahi kuelekeza hapa, ikajibu 65536. Tukipandisha bafa (akiba ya sauti inayongoja zamu) hadi fremu 1024 mikwaruzo inapungua, lakini mpiga dufu analalamika anajisikia kwa kuchelewa. Tununue au tusinunue?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msinunue. Simamisheni huo mchango mpaka mmalize kusoma hapa, maana jibu lenu mmelileta wenyewe ndani ya swali.

Tazama namba. JACK inaomba kufungiwa (kutengewa lisihamishwe) eneo la baiti 82,280,346, yaani megabaiti 82 hivi. Kompyuta yenu ina memori ya GB 4. Hiyo 82 ni kama asilimia 2 tu ya mliyonayo. Mashine iliyojaa kiasi cha kukosa asilimia 2 isingeweza hata kuwafungulia Ardour vizuri. Sasa tazama namba ya pili, 65536, ambayo ni kiwango cha memori ambacho mtumiaji anaruhusiwa kufunga. Hiyo imehesabiwa kwa kilobaiti; ukiigeuza kuwa baiti unapata 67,108,864. Seva inaomba milioni 82, mtumiaji wake ameruhusiwa milioni 67. Lazima ikataliwe, hata mkiweka GB 32.

Aliyewaambia memori imejaa simlaumu sana, kwa sababu kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaobeba Ubuntu yenu, ina jibu moja kwa makosa mawili. Memori ikiisha kweli, inarudisha kosa namba 12. Programu ikiomba kufungiwa memori kuliko kiwango alichowekewa mtumiaji, inarudisha kosa hilohilo namba 12, na kwenye skrini yote mawili yanasomeka "Cannot allocate memory". Ila mtu anayeuza kifaa alipaswa kuuliza amri moja kabla ya kutaja bei. Inaniuma nikiona kikundi cha vijana kinachangishana shilingi kwa shilingi kwa kitu ambacho dawa yake ni mistari miwili kwenye faili.

Kwa nini seva ya sauti itake kufungiwa memori? Linux ina tabia ya kuhamisha kurasa za memori zisizotumika sana kwenda kwenye diski, sehemu inayoitwa swap. Ukiwa unaandika barua hutaona tofauti. Sauti haingoji. Ukiweka bafa ya fremu 256 (fremu ni kipimo kimoja cha sauti) kwa kasi ya fremu 48,000 kwa sekunde, kila mzunguko JACK ina milisekunde 5.3 za kupokea sauti, kuipitisha kwenye programu na kuirudisha. Diski ya kuzunguka inaweza kuchukua milisekunde 10 kutafuta ukurasa mmoja tu. Ukurasa ukifika, zamu imeshapita, spika imekosa cha kupiga, na hapo ndipo XRUN inapoandikwa. Treni inaweza kutoka Kigoma na viti tele, lakini asiye na namba ya kiti huenda akainuliwa ikifika Tabora; kufunga memori ni kukata tiketi yenye namba. Na lile kosa jingine la real-time ni ndugu yake: seva imeomba ipewe zamu ya prosesa kabla ya programu nyingine, nayo imekataliwa kwa kukosa ruhusa.

Ruhusa zote mbili zinakaa pamoja. Kwenye Ubuntu njia safi ni hii (sudo maana yake ni kutekeleza amri kwa mamlaka ya msimamizi):

sudo dpkg-reconfigure -p high jackd2

Itawauliza kama mnataka kipaumbele cha wakati halisi. Jibu ndiyo. Itaweka faili /etc/security/limits.d/audio.conf, na ndani yake kuna mistari miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Wa kwanza unaruhusu kipaumbele hadi 95. Wa pili unaondoa kikomo cha memori inayoweza kufungwa, na hapo nina neno. Kwa mashine ya GB 4 mimi siachi "unlimited". Programu moja yenye kasoro, au programu ya kupiga piano yenye sampuli nzito za sauti, inaweza kufunga memori mpaka mfumo wenyewe ukakosa pa kuhemea, na kompyuta ikaganda katikati ya kurekodi. Fungua faili hilo kwa sudo nano, futa "unlimited", weka 2097152. Hiyo ni GB 2 kwa kilobaiti. JACK na Ardour zitatosheka, na hakuna programu moja itakayoweza kufunga zaidi ya nusu ya memori.

Alama ya @ inamaanisha ruhusa ni ya kundi la audio, si ya kila mtu. Kwa hiyo jiingize kwenye kundi:

sudo adduser jinalako audio

Weka jina lako la kuingilia badala ya "jinalako". Utakuta watu wanaelekezana kutumia usermod -G audio. Usiandike hivyo. Bila herufi ndogo a mbele ya G, amri ile inakuondoa kwenye makundi mengine yote, pamoja na la sudo, na kuanzia hapo huna mamlaka ya kurekebisha chochote kwenye kompyuta yako mwenyewe. Nimeletewa mashine za namna hiyo hapa Mwanga, wenyewe wakidhani ni virusi.

Ukimaliza, toka kabisa kwenye akaunti uingie upya. Kufunga terminali na kuifungua tena hakutoshi, kwa kuwa viwango hivi vinasomwa wakati wa kuingia tu. Watu wengi wanafanya kila kitu sawasawa, wanajaribu papo hapo, wanaona kosa lilelile, wanafuta walichoandika. Zima na uwashe ikibidi. Kisha andika groups, uone neno audio limo. Andika ulimit -r, ijibu 95. Andika ulimit -l, ijibu 2097152. Namba hizo zikitoka, washa JACK. Yale maneno ya "cannot lock down" hutayaona tena.

Mtu akikushauri uwashe seva kwa sudo ili uepuke yote haya, mkatalie. Seva ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo, haielewani na Ardour iliyofunguliwa na mtumiaji wa kawaida, na faili zitakazoundwa utashindwa kuzifuta. Na kama unaogopa kwamba kipaumbele kitaifanya sauti imeze kompyuta nzima, kerneli ina kinga yake: kwa kawaida kazi za wakati halisi zinaruhusiwa mikrosekunde 950,000 katika kila 1,000,000, kinachobaki ni cha wengine.

Sasa huyo mpiga dufu wenu, ambaye ana haki kabisa. Chukua fremu, zidisha kwa vipindi (Periods, mafungu ya bafa), gawanya kwa kasi. Mkiweka 1024 mara 2 kwa 44,100 mnapata milisekunde 46. Kwa muda huo sauti husafiri hewani mita 16 hivi. Kwa hiyo anapiga ngozi, anaisikia mkononi, halafu pigo lilelile linamjia kwenye hedifoni kama limepigwa na mtu aliyesimama nyumba ya pili. Hapo akijaribu kujirekebisha anavuta mwendo nyuma, na waimbaji wanamfuata. Mlaumu bafa, msimlaumu yeye.

Kwenye QjackCtl wekeni 48000, Frames/Period 256, na Periods/Buffer 3. Mtapata milisekunde 16. Vipindi vitatu badala ya viwili ni kwa ajili ya USB, ambayo mwendo wake haulingani sawasawa na wa kadi iliyo ndani ya kompyuta. Na 48,000 inagawanyika vizuri, fremu 48 kwa kila milisekunde, wakati 44,100 inakuletea 44 na pointi moja. Ikitulia kwa robo saa bila XRUN, jaribuni 128, mshuke hadi milisekunde 8. Ikianza kukwaruza rudini 256 na mridhike.

Kabla ya yote hayo, geuzeni kisanduku chenu mtazame kama kina kitufe cha kubonyeza au cha kuzungusha cha kumsikilizisha mpigaji moja kwa moja kutoka kwenye maiki. Vingi vinacho. Kikiwepo, mpiga dufu ajisikie kwa njia hiyo, sauti yake isipite kwenye kompyuta kwanza, na mzime ile inayorudi kutoka Ardour. Basi mnaweza kubaki na 1024 yenu, mashine ikapumua, na hakuna atakayechelewa. Kwa kaswida, ambayo roho yake iko kwenye dufu na itikio kwenda pamoja, mimi ningechagua njia hiyo kuliko kuhangaika na namba ndogo.

Na memori? Pimeni wenyewe. Mkiwa mnarekodi, fungueni terminali pembeni, mwandike vmstat 1, mtazame safu za "si" na "so". Hizo ndizo kurasa zinazoingia na kutoka kwenye swap. Zikikaa sifuri wakati wote wa wimbo, GB 4 zinawatosha. Zikicheza kila sekunde, fungeni kwanza kivinjari cha intaneti, mpime tena. Zikiendelea kucheza hata hapo, ndipo mchango wa memori una sababu. La sivyo, hela hiyo mnunue hedifoni nzuri zilizofunika masikio, ili sauti inayopigwa ndani yake isivuje kwenye maiki ya mwimbaji.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi nina Ubuntu mpya, wanasema JACK haihitajiki tena, kuna PipeWire. Bafa nitaibadilishia wapi?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Salama kabisa. Ni kweli, tangu Ubuntu 22.10 PipeWire ndiyo inayoendesha sauti, na programu za JACK zinaweza kupita humo ukiweka kifurushi cha pipewire-jack. Bafa unaibadilisha bila kuzima chochote:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

Ukimaliza kurekodi, rudia amri hiyohiyo na 0 badala ya 256, usije ukachosha betri bure. Kuona mikwaruzo andika pw-top, utazame safu ya ERR. Namba ikipanda, programu iliyo kwenye mstari huo ndiyo inayochelewa. Hiyo safu naipenda, kwa sababu inakuonyesha mhusika badala ya kukuacha ukishuku kila kitu.

SWALI: Shikamoo kaka. Ninasoma hadithi za watoto na kuzirekodi nyumbani. Umeme ukiwepo hakuna tatizo, lakini nikitumia betri sauti inakatika. Ni betri imekufa?
Mama msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba dada yangu. Betri haijafa. Ikichomolewa, kompyuta hushusha mwendo wa prosesa ili kubana matumizi, na ukishushwa katikati ya sentensi bafa inachelewa kujazwa. Kabla ya kuanza kusoma andika hivi:

echo performance | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor

Mwendo utabaki juu mpaka uzime mashine. Betri itaisha upesi zaidi, kwa hiyo rekodi hadithi moja moja, uhifadhi kila unapomaliza. Na kwa kuwa wewe unasoma peke yako wala hujisikilizi kwenye hedifoni, huna haja ya bafa ndogo hata kidogo. Weka 2048, usome kwa nafasi.