Joto hili, nimpe mtoto maji?

SWALI: Habari dada. Niko na mtoto wa miezi 4, tunaishi Mukuru kwa nyumba ya mabati na tangu Januari joto imezidi, kuanzia saa sita mchana huwezi kaa ndani. Mama mkwe anasema nimpe maji kidogo na kijiko juu anasikia kiu, lakini kliniki waliniambia maziwa tu hadi miezi 6. Pia ametoka upele mdogo mdogo shingoni. Nisikize nani?

JIBU: Mamangu, sikiza kliniki. Najua si rahisi kukatalia mama mkwe, na anaongea kwa upendo, lakini zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yako ni maji kwa hivyo kiu ya mtoto inaishia hapo hapo kwa titi. Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji atanyonya kidogo, akinyonya kidogo maziwa nayo yanapungua, na hayo maji ya mtungi yakiwa si safi sana anaanza kuendesha. Mnyonyeshe kila akitaka, hata kila saa, na wewe ndio unywe maji mengi.

Kitu inaniuma sana ni hawa watoto naona kwa matatu saa nane mchana, dirisha zimefungwa, mtoto ana kofia ya marvin, soksi, sweta na blanketi juu, eti upepo utamletea nimonia. Nimonia inaletwa na viini, si upepo! Akiwa nyumbani vesti na pampas inatosha. Usipime joto kwa mikono yake, hiyo huwa baridi tu, mguse kifuani ama nyuma ya shingo, ukipata jasho punguza nguo. Na ukimbeba na leso usimfunike uso. Mchana toka naye nje mkae upande wa kivuli.

Huo upele ni wa joto. Muoshe na maji ya uvuguvugu, kausha vizuri kwa mikunjo ya shingo, wacha poda na mafuta mazito, utaisha wenyewe.

Lakini ukiona pampas inakaa kavu masaa mengi, utosi umebonyea, mdomo umekauka, analia bila machozi, amelegea hataki kunyonya, ama mwili unachemka hata baada ya kumvua nguo, hapo usingoje kesho wala baba yake atoke kazi, mbebe uende hosi na uzidi kumnyonyesha njiani.