Jina la bastola kwenye kisu

Mkuu, umeuliza kama kisu cha Smith & Wesson kitakuwa imara kama bastola zao. Usichanganye hivyo vitu. Kwa miaka mingi visu hivyo vilitoka kampuni ya visu ya Taylor Brands, iliyotumia jina hilo kwa leseni tu, kisha Taylor Brands ikanunuliwa na Smith & Wesson mwaka 2016. Vingi hutengenezwa China. Achana na nembo, soma aina ya chuma: ukiona 8Cr13MoV, chuma cha pua cha bei nafuu, kisu kinanoleka upesi ila makali hayadumu sana.

Hata kwenye bunduki jina hudanganya. Winchester Model 70, bunduki ya kuwindia, ilibadilishwa 1964 kupunguza gharama, wakaitoa ile kucha kubwa inayodaka risasi, na wawindaji mpaka leo hulipa zaidi kupata za kabla ya hapo. Kisu changu cha bei chee nafungulia maboksi, basi.