Maswali na majibu: Chotara kwanza, ramani baadaye

Nina praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za mikrosatelaiti (sehemu za DNA zenye herufi zinazojirudia) za nzi Drosophila melanogaster. Zitanifaa kutenganisha spishi mbili za nduguze, simulans na sechellia, na chotara wao?

Baadhi. Swali hili linarudi kila mara, na hasara yake ni ileile. Praima inashika vizuri DNA ya spishi moja, ya pili inateleza. Chotara anatoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) moja badala ya mbili, nawe unamwandika kuwa si chotara. Weka praima kwenye eksoni (sehemu za jeni zinazobeba maelekezo ya protini), pale jenomu za spishi zote mbili zinapolingana, ziizingire introni (sehemu iliyo kati ya eksoni) ambayo urefu wake unatofautiana kati ya spishi hizo kwa herufi 20 za DNA au zaidi. Tofauti hiyo utaiona kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 3. Kisha, kabla hujagusa nzi wa utafiti, jaribu chotara wa kizazi cha kwanza. Hana bendi mbili? Tupa praima hizo, hata kama ulizilipia ghali. Pima pia koo kadhaa za simulans zinazofugwa maabara, maana spishi hiyo ina utofauti mwingi ndani yake. Chupa moja ya maabara haiwakilishi spishi nzima.

Nimesaga nzi mmoja, PCR (unakili wa DNA) imekataa. Niongeze DNA?

Punguza! Uchafu wa nzi ndio unaoizuia. Saga katika mikrolita 50 za bafa yenye proteinesi K, kimeng'enya kinachokula protini (mikrogramu 200 kwa mililita, iongezwe siku hiyohiyo), nyuzi 37 kwa dakika 30, halafu nyuzi 95 kwa dakika 2. Ukiruka hatua ya mwisho, proteinesi itaila polimerasi yako, kimeng'enya kinachonakili DNA. Mikrolita 1 ya mchanganyiko huo inatosha kwa PCR.

Madume chotara hawazai. Nifanyeje?

Tumia majike, uwarudishe kwa dume wa spishi mzazi. Hata wangezaa, dume wa Drosophila habadilishani vipande vya kromosomu, kwa hiyo asingekuchorea ramani yoyote ya jeni.

Natafuta kinachomwezesha sechellia wa Shelisheli kula noni, tunda linaloua simulans. Nipime alama (sehemu za DNA zinazotofautisha spishi) 40 au 200?

Kwa kuanzia, moja kila sentimogani 15 (kipimo cha umbali kwenye ramani ya jeni), na moja tu kwa kromosomu ya 4. Fedha iliyobaki nunulia nzi zaidi: wachache hawana mabadilishano ya kutosha, na alama za ziada haziyaongezi. Dume ana kromosomu ya X moja tu; akionyesha bendi mbili kwenye alama ya X, mrija umechafuka au jinsia imeandikwa vibaya.

Nzi hawa ndio wanaoharibu maembe yetu?

Hapana, huyo ni Bactrocera, familia nyingine kabisa.